Barua ya Wazi: Rekebisheni Kumbukumbu za Askari wa Keya Waliopigana Bama

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa kumbukumbu za jeshi na utoaji wa nishani huko London, na kwa wenzenu mnaotunza nyaraka za zama za ukoloni Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Zomba, Malawi.

Waheshimiwa,

Babu yangu alikuwa askari wa Keya. Kwenye majalada yenu jeshi hilo linaitwa King's African Rifles. Kwetu ni Keya, na babu alikuwa akilisikia neno hilo, hata uzeeni, ananyoosha mgongo. Aliandikishwa Tabora mwaka 1942, akafundishwa kwata, akapanda meli Mombasa, akashukia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na kutoka huko akaingia Bama (Myanmar ya leo) pamoja na kikosi cha 36, kikosi cha watu wa Tanganyika. Alirudi mwaka 1946 akiwa na cheti kimoja na medali moja. Cheti hicho kina kosa. Nawaandikia kuomba kosa hilo lirekebishwe, lake na la wenzake wote walioandikwa pungufu. Nimelifuatilia mpaka nikaelewa lilitokeaje, na kwa kuwa nimelielewa, najua kwamba kulirekebisha kunawezekana.

Cheti kiko mezani hapa. Kimekunjwa mara nne tangu siku alipokabidhiwa, na pale mikunjo inapokutana pametoboka tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Wino wa jina umefifia ukawa rangi ya chai. Namba yake ya jeshi, iliyotanguliwa na herufi, imegongwa kwa mashine na inasomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi hiyo. Chini yake kuna mahali pawili ninapotaka mpaangalie. Pa kwanza ni pa utumishi nje ya nchi, na karani ameandika "Ceylon". Pa pili ni pa nishani, na karani ameandika Medali ya Vita 1939–45 peke yake. Neno Bama halipo popote, mbele wala nyuma.

Medali yenyewe tuliichezea sana utotoni. Upande mmoja ina kichwa cha Mfalme George wa Sita, na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Tulikuwa tunapokezana kuishika, kila mtoto akipitisha kidole kwenye manyoya ya yule simba, na babu akitutazama bila kusema kitu. Sikujua wakati huo kwamba medali ile ilitolewa kwa kila aliyevaa sare kwa siku 28 kati ya Septemba 1939 na Septemba 1945, popote alipokuwa. Aliyelinda ghala la mahindi Dodoma aliipata, na aliyetambaa matopeni chini ya risasi za Wajapani aliipata hiyo hiyo. Simdharau mlinzi wa ghala, naye alitumwa akaenda. Ila kumbukumbu inayosema wawili hao walifanya kazi moja si kumbukumbu ya kweli.

Sasa niwakumbusheni kazi iliyofanyika Bama, kwa sababu hata nyumbani kwetu vijana wengi hawaijui. Mwaka 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vikosi vya Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), pamoja na ndugu zetu wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Waliwekwa Ceylon kwanza kwa mazoezi, kisha mwaka 1944 wakapelekwa mbele chini ya Jenerali William Slim na Jeshi lake la 14. Kuanzia Agosti mwaka huo walisukumwa kusini kwenye Bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, wakati ambao majeshi mengine yalidhani hakuna atakayepita. Magari yalizama hadi bodi. Askari walikata miti, wakalaza magogo moja baada ya jingine mpaka ikawa barabara, na mvua ikaisomba, wakailaza upya. Chakula na risasi viliangushwa na ndege. Malaria, pamoja na homa inayoenezwa na utitiri wa porini, viliangusha watu wengi sana. Babu alisema ruba walikuwa wanaingia hata kwenye matundu ya kamba za viatu, na kwamba ukisikia mwenzako ameacha kulalamika usiku ndipo unapaswa kuogopa.

Novemba 1944 walifika Kalemyo. Tarehe 2 Desemba waliuteka mji wa Kalewa, kwenye Mto Chindwin, na hapo wahandisi wakajenga daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya meta 350 ili jeshi zima livuke kuelekea Mandalay. Njia ile ilifunguliwa na watu wetu. Waruhiu Itote, ambaye Kenya ilikuja kumjua kwa jina la Jenerali China wakati wa Mau Mau, naye alikuwa askari wa Keya katika vita hivyo vya Bama.

Na kuna ambao hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Kati ya watu zaidi ya 1,500 waliokuwemo, walikufa 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Babu alipita maji hayo hayo katika meli nyingine. Alikuwa hapendi kuongelea bahari.

Kwa mtu aliyepigana Bama iliwekwa nishani yake, Nyota ya Bama: nyota ya shaba yenye ncha sita, yenye utepe wa buluu iliyokoza, nyekundu katikati, na michirizi miwili ya rangi ya chungwa. Sharti lake kwa askari wa nchi kavu lilikuwa dogo mno. Siku moja tu ya utumishi wa vita ndani ya Bama, kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, ilitosha. Ipo pia Nyota ya 1939–45, iliyohitaji siku 180 za utumishi wa vita, lakini kanuni yake ilisema wazi kwamba aliyekatishwa na kifo, jeraha au ulemavu uliotokana na utumishi huo asihesabiwe siku. Vivyo hivyo wale wa mwanzo, walioingia Somalia na Uhabeshi kupigana na Mtaliano, wakaichukua Mogadishu Februari 1941 na kuingia Addis Ababa Aprili mwaka huo huo, wao waliwekewa Nyota ya Afrika, na yenyewe pia kwa siku moja.

Basi kosa lilitokeaje?

Babu alijeruhiwa pajani, akapatwa na homa juu ya jeraha, akabebwa kurudishwa nyuma. Alitibiwa, akamalizia vita kwenye kambi ya Ceylon akiwa hafai tena kwa mapigano. Karani aliyejaza karatasi zake za mwisho aliandika mahali alipotokea, yaani Ceylon. Hakuuliza kabla ya hapo alikuwa wapi, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Maelfu ya watu walikuwa kwenye foleni, wote wanataka kwenda kwao. Isitoshe, Nyota ya Bama ilianzishwa Mei 1945, na Medali ya Vita Agosti 1945. Watu walikuwa wanaachiwa jeshi huku orodha za nani anastahili nini zikiwa hazijakamilika. Baadaye, hata kwa askari wa Uingereza wenyewe, nyota hizi hazikuletwa nyumbani kama zile za Vita vya Kwanza. Mtu alitakiwa aziombe.

Naomba msome sentensi hiyo tena mkiwa mmesimama kwenye nafasi ya mtu wa kijijini, siku nzima kwa miguu kutoka barabara kuu, asiyejua kusoma Kiingereza, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kuomba. Tanganyika peke yake ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita vile. Wangapi waliletewa fomu?

Mimi nilianza kulifuatilia suala hili baada ya kuzipanga karatasi za babu. Niliandika kwa ofisi moja, nikaambatisha nakala ya cheti. Baada ya miezi mingi nikajibiwa kwa heshima kwamba jina hilo halipo. Niliandika kwa ofisi ya pili, katika nchi nyingine, nikaambiwa nyaraka za aina hiyo ziko kwa ile ya kwanza. Nilirudi kwa ile ya kwanza nikiwa na barua ya ile ya pili. Safari hii nikapewa jibu ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii hadharani: kwamba ombi linaweza kufikiriwa iwapo familia itawasilisha ushahidi wa maandishi kutoka kwenye kumbukumbu za utumishi kwamba askari huyo alikuwa Bama.

Waheshimiwa, kumbukumbu za utumishi ndizo hizo ninazosema zimekosewa. Nikiambiwa nithibitishe kosa kwa kutumia karatasi ile ile yenye kosa, nimefungiwa mlango kwa komeo lililoko upande wenu.

Sitaji ofisi hizo. Waliojibu walikuwa watumishi wanaofuata utaratibu waliokabidhiwa, na utaratibu ndio ninaolalamikia.

Tuanze na hilo la jina kutopatikana. Mnatafuta kwa jina, na kwa watu wetu jina ndilo kitu dhaifu kuliko vyote kwenye jalada. Mzungu wa Nairobi au Zomba alilisikia jina la Kinyamwezi, la Kiyao, la Kihehe au la Kiacholi, akaliandika jinsi sikio lake lilivyolipokea. Kwenye karatasi tatu za babu nilizonazo, jina lake limeandikwa kwa namna tatu, na kwenye mojawapo jina la baba yake limewekwa mwanzo kana kwamba ndiye aliyekwenda vitani. Wengine waliandikishwa kwa majina ya kambini, wengine kwa jina la kijiji, na wengine walibadilisha dini wakiwa jeshini wakarudi na jina jipya. Namba ndiyo isiyobadilika. Namba ya babu ni ile ile kwenye cheti, kwenye kipande cha karatasi ya malipo, na nyuma ya picha yake aliyopiga akiwa na kofia. Tafuteni kwa namba. Hili ni badiliko dogo la utaratibu, halihitaji Bunge wala bajeti mpya, na nina hakika majina mengi "yasiyokuwepo" yataibuka wiki ile ile.

La pili ni ushahidi. Kila kikosi kilichokuwa vitani kiliandika shajara ya kila siku: wapi kimelala, nani ameongoza doria, wangapi wamejeruhiwa. Shajara za vikosi vya Keya zimehifadhiwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, na mtu yeyote anaweza kwenda kuzisoma. Kwa hiyo hakuna siri juu ya kikosi cha 36 kilikuwa wapi Oktoba 1944. Mtu mwenye cheti kinachosema alikuwa wa kikosi hicho, mwenye kovu la risasi lililoshuhudiwa na waganga, mwenye picha ya bega lenye kichwa cha kifaru, huyo alikuwa wapi kama si huko? Wenye mashaka ndio watafute ushahidi kwamba hakuwepo.

Najua mtasema nyaraka ziliharibika, zilihamishwa wakati wa uhuru, na nyingine hazionekani. Nakubali. Lakini nchi nyingine imepoteza zaidi ya hapo na haikuwafukuza watu wake. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani huko St. Louis liliwaka moto, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, hayana nakala. Karibu asilimia 80 ya majalada ya wanajeshi wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960 yalikwenda na moto huo. Wamarekani walifanya nini? Walianza kuokoteza. Karatasi za mishahara, taarifa za kila asubuhi za kombania, orodha za hospitali, vyeti ambavyo familia zilikuwa navyo makabatini. Kwa vipande hivyo wanaunda upya utumishi wa mtu. Na pale cheti cha kuachishwa kilipoacha nishani, huandikwa hati rasmi ya marekebisho inayoambatana na cheti cha mwanzo, ikitaja kilichoongezwa. Kuna bodi maalumu za kurekebisha kumbukumbu za jeshi, wajumbe wake ni raia, na familia ya marehemu inaweza kupeleka ombi huko. Sisemi mfumo wao hauna usumbufu. Nasema wameweka mlango, na mlango huo umeandikwa kwenye sheria.

Wala msiniambie kwamba muda umepita. Sajini Nigel Leakey wa Keya, mzungu wa Kenya, alikufa akipambana na kifaru cha Mtaliano kule Uhabeshi tarehe 19 Mei 1941, na Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote mlizonazo, ulitangazwa kwa jina lake Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Alistahili, na vizuri kwamba mtu aliendelea kulishughulikia jalada lake. Mwaka 2013 Uingereza ilianza kutoa Nyota ya Aktiki kwa mabaharia wa misafara ya kaskazini, miaka 68 baada ya vita kwisha. Kwa hao ilibidi nishani iundwe kabisa, kwa sababu haikuwepo. Sisi hatuombi iundwe mpya. Nyota ya Bama ipo tangu 1945, kanuni zake zipo, na babu alitimiza sharti lake siku ya kwanza alipokanyaga udongo ule. Tunaomba kanuni zenu zitekelezwe kama mlivyoziandika wenyewe.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekwa majina kwenye kumbukumbu, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Niliisoma taarifa ile nikiwa nimesimama, sikuweza kuketi. Hapa Dar es Salaam tuna mtaa mzima unaoitwa Kariakoo, jina lililotokana na Kikosi cha Wapagazi, kila siku maelfu ya watu wananunua na kuuza hapo, na wengi wa wapagazi wenyewe hawana majina popote. Hao hatuwezi tena kuwauliza chochote. Watoto wa askari wa Bama bado wapo. Wajane wachache bado wapo. Msisubiri taarifa nyingine ya kuomba radhi iandikwe juu yao wakati jambo lenyewe lingeweza kufanywa.

Sasa niseme jambo ambalo naona halieleweki ofisini, kwa sababu mara mbili nimejibiwa kana kwamba nadai kipande cha chuma.

Nyota za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza kwa askari wake hazikuandikwa majina. Medali za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na namba ya askari, lakini hizi hazina chochote mgongoni. Nyota ya Bama ya kweli kabisa, iliyovaliwa na mtu kweli kabisa, unaweza kuikuta inauzwa kwenye intaneti, na haitakuambia ilikuwa ya nani. Naweza kuinunua leo nikaibandika kwenye fremu ukutani. Nisingekuwa nimemfanyia babu kitu chochote. Kwa sababu nyota haina jina, jina linakaa mahali pamoja tu: kwenye orodha yenu. Orodha ndiyo nishani. Ndiyo maana naomba karatasi irekebishwe kwanza, ipigwe muhuri, itiwe kwenye jalada na nakala iletwe kwa familia, ikisema kwamba askari mwenye namba hii alikuwa wa kikosi cha 36, alipigana Bama mwaka 1944, alijeruhiwa huko, na anastahili Nyota ya 1939–45 na Nyota ya Bama. Chuma kikifuata, kifuate.

Na mkifanya hivyo kwa mmoja, fanyeni kwa kikosi kizima. Haifai kila mjukuu asafiri njia niliyosafiri mimi. Linganisheni orodha za askari wa kila kikosi na shajara yake, toeni majina ya waliostahili na hawakuandikwa, myaweke kwenye intaneti ili mtu atafute kwa namba, kwa jina au kwa wilaya. Kumbukumbu za Taukkyan, nje ya Yangon, zina majina karibu 27,000 ya waliokufa bila kaburi linalojulikana, na yamo ya watu wetu. Nairobi kwenye makaburi ya vita yapo ya waliozama na Khedive Ismail. Waliokufa mliweza kuwaorodhesha mmoja mmoja, kwa namba na kikosi. Aliyekuwa na orodha ya wafu alikuwa na orodha ya walio hai.

Kwenu wakuu wa hifadhi za nyaraka za Afrika Mashariki na Malawi, nina neno fupi. Majalada ya zamani yaliyobaki mikononi mwenu msiyaite mali ya mkoloni. Waliomo ni baba zetu. Wapeni wenzenu wa London nakala wakiziomba, na wapeni wananchi nafasi ya kuyaona. Na familia inapoleta ombi, msiikwamishe kwa cheti cha kifo cha mzee aliyezikwa kijijini miaka thelathini na tano iliyopita bila karatasi yoyote. Barua ya serikali ya kijiji na ushuhuda wa waliomzika vitoshe kuanzia, cheti cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kifuate.

Babu alifariki mwaka 1991. Hakuwahi kulalamika. Ila kuna kitu alikuwa anakifanya ambacho nilikielewa juzi tu, niliposoma utaratibu wa kuvaa nishani. Siku ya Mashujaa alikuwa anavaa koti lake la kijivu na kuibandika ile medali moja pembeni kabisa, karibu na bega, hadi ilionekana kama imekosewa. Mama alijaribu mara nyingi kuisogeza ikae katikati ya kifua, na kila mara babu aliirudisha kule kule, bila maneno. Utaratibu unasema nyota huanza kutokea katikati ya kifua, nyota moja, nyota ya pili, ndipo Medali ya Vita, mwisho kabisa kuelekea mkononi. Aliiweka mahali pake. Alikuwa anaacha nafasi ya zile mbili.

Koti lipo kwa bibi. Analianika kila baada ya mvua, na kwenye kitambaa matundu ya pini yako mahali pamoja tu, kule pembeni.

Bibi yuko hai, amevuka miaka 90, na yeye ndiye mrithi halali. Mimi ni mwandishi wake tu. Anasikia vizuri lakini hasomi, na Kiingereza hakijui. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya Keya. Maofisa wenu walilazimika kujifunza ili waweze kuwaamuru watu kama babu. Kwa hiyo jibu la barua hii naomba liandikwe kwa Kiswahili, kwa jina lake yeye, ili siku likifika nikae naye barazani nimsomee.

Wenu kwa heshima,

Mjukuu wa askari wa Keya, kikosi cha 36